Simu zimechukua picha za mchana, riziki ya mpiga picha imebaki gizani

MAVUNO yakishaingia ghalani na mahindi, mpunga au kahawa ikauzwa, fedha huanza kuzunguka vijijini na katika miji midogo. Mahari humaliziwa, vikao vya harusi huitishwa na kadi za michango husambazwa. Kuanzia katikati ya mwaka kumbi za sherehe katika maeneo mengi ya Tanzania hazikosi wateja siku ya Jumamosi, tofauti na kipindi cha Kwaresima au mwezi wa Ramadhani ambapo shughuli hizo hupungua.

Biashara ya picha hufuata mkondo huo huo. Mpiga picha wa wilayani hana tofauti na fundi baiskeli au muuza vitenge. Bei ya mazao ikiwa nzuri naye hupata, ikianguka naye hukaa bila kazi. Lakini hata msimu ukiwa mzuri, kazi iliyobaki mikononi mwake si ile iliyokuwapo miaka 20 iliyopita.

Enzi za filamu, mpiga picha alinunua roli la picha 36, akalimaliza, kisha akalipeleka mjini kusafishwa. Kila picha iliyoharibika ilikuwa na gharama yake. Kamera ya dijitali iliondoa gharama hiyo, na vijana wengi wakaingia katika kazi wakiwa na mtaji mdogo. Baadaye zikaja simu zenye kamera. Picha za bustanini, za mahafali na za watoto siku ya Idi au Krismasi, ambazo ndizo zilizokuwa zikimpa mpiga picha fedha ya kula ya kila siku, sasa watu wanajipigia wenyewe. Mchana, penye jua, simu ya kawaida inatosha.

Alichobaki nacho cha kuuza ni picha ya ndani, hasa ya usiku: maharusi wakiingia ukumbini, keki ikikatwa, mama mkwe akicheza. Ni kweli kwamba simu nazo zinajitahidi. Google ilileta mtindo wake wa kupiga picha za usiku katika simu za Pixel mwaka 2018, na watengenezaji wengine nao wana mitindo ya namna hiyo. Hata hivyo, simu hizo hufanya kazi kwa kupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, jambo linalohitaji kinachopigwa kitulie. Chungu mezani kitatulia, lakini bibi harusi anayecheza hatatulia. Pengo hilo ndilo linalomlisha mpiga picha, na ndilo pia linalomwaibisha anayeanza.

Anayeanza kwa kawaida hununua kamera iliyotumika, pamoja na lenzi iliyokuja nayo, akaizoea nje kwa wiki kadhaa, kisha akapokea kianzio cha sherehe ya kwanza. Kamera ameiacha ijiamulie kila kitu. Akirudi nyumbani na kufungua picha kwenye kompyuta, anakuta nusu zimetikisika, nyingine nyuso zimekuwa nyeupe kama zimepakwa unga huku nyuma kukiwa giza totoro, na zilizobaki zina rangi ya manjano. Harusi hairudiwi. Kinachorudishwa ni kianzio, na jina lake mtaani huanza kusemwa vibaya.

Wengi hudhani kosa ni la kamera na hukimbilia kuikopea nyingine kubwa zaidi. Kiuchumi huo ni uamuzi mbaya, na sababu yake inaonekana ukipima mwanga wenyewe. Jua kali la mchana linaweza kufikia kipimo cha lux 100,000. Ukumbi wenye taa hafifu za mapambo unaweza kuwa na lux 50. Maana yake ni kwamba kamera inaombwa kufanya kazi ile ile kwa sehemu moja kati ya 2,000 ya mwanga iliouzoea. Jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe, kwa hiyo aliyemo ukumbini hajui kwamba amesimama gizani.

Kamera ina njia tatu za kukabili upungufu huo. Inaweza kupanua tundu la lenzi, inaweza kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, au inaweza kuongeza usikivu wake kwa mwanga, ambao huandikwa ISO. Kila njia ina gharama yake, na kazi ya mpiga picha ni kuchagua gharama ipi mteja hataiona.

Lenzi inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu ni ile ya milimita 18 hadi 55, yenye maandishi ya f/3.5-5.6. Namba hizo ni ukubwa wa tundu, na zinasomwa kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho ili kusogeza sura karibu, tundu lake hubaki f/5.6. Kwenye ule ukumbi wa lux 50, ISO ikiwa 1600, kamera italazimika kuacha shata wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna anayecheza muziki ambaye hatasogea katika muda huo, na mkono wa mpiga picha nao unatetemeka.

Sasa badilisha lenzi tu. Lenzi isiyovutwa ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Kamera ile ile, ukumbi ule ule, ISO ile ile, shata sasa inaweza kufunga kwa sehemu ya mia moja ya sekunde. Mtu anayetembea polepole kuelekea meza kuu anaweza kupatikana vizuri. Canon ilipotoa toleo lake jipya la lenzi ya namna hiyo mwaka 2015 iliitangaza kwa dola 125 za Marekani, bei iliyo chini sana ya kamera nyingi mpya. Kwa upande mwingine, mtu anayeuza kamera yake na kuongeza fedha apate iliyo mpya zaidi ya daraja hilo hilo, mara nyingi atapata nafuu ya mwanga ya mara mbili au mara nne tu. Kwa lugha ya mkulima, kuna anayebadilisha trekta wakati kilichokwisha ni majembe ya plau.

Kuna mtego mmoja wa kuuangalia dukani. Kamera za Nikon za familia ya D3000 na D5000, ambazo zipo nyingi katika soko la vitu vilivyotumika, hazina mota ya kulengea ndani ya mwili wake. Zikifungwa lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8 yenye alama ya D, lenzi hiyo haitajilenga. Itabidi kuizungusha kwa mkono gizani. Mwenye kamera hizo anatakiwa kutafuta lenzi yenye alama ya AF-S, ambayo ina mota yake yenyewe. Nikon ina ile ya milimita 35 yenye f/1.8 iliyotoka mwaka 2009 kwa ajili ya kamera hizo, na kwa anayepiga sana sebuleni inafaa kuliko ya 50. Katika umbali wa mita tatu, lenzi ya 50 kwenye kamera hizi ndogo huingiza upana wa mita moja na theluthi hivi, yaani watu wawili waliosogeleana. Ya 35 huingiza karibu mita mbili. Sebule za kupanga hazina nafasi ya kurudi nyuma.

Tundu kubwa nalo lina deni lake. Likifunguliwa hadi f/1.8 kwa lenzi ya 50, na maharusi wakiwa mita mbili mbele ya kamera, eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita 11 hivi. Bibi harusi akiwa amesogea mbele kidogo ya mumewe, mmoja atatoka vizuri na mwingine atakuwa na ukungu, na kwa hakika ndugu wa huyo wa pili watauliza. Dawa ni kurudi nyuma hadi mita tatu na kubana tundu kidogo hadi f/2.8, ambapo kina hicho hufikia karibu sentimita 38, au kuwaomba wasimame bega kwa bega. Picha ya ukoo mzima, yenye mistari mitatu ya watu, isijaribiwe kabisa kwa tundu kubwa.

Njia ya ISO ndiyo inayoogopwa bila sababu. Ikipandishwa, picha huanza kuwa na chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Wanaoanza huambiwa wasipite 400 au 800, ushauri uliokuwa na maana kwa kamera za mwanzo wa miaka ya 2000. Leo hata kamera ya mwaka 2012 inaweza kupigwa kwa 1600 au 3200 na picha ikauzika. Picha ya kusafishwa ya inchi 4 kwa 6, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 2 na kidogo tu. Ukichukua picha ya megapikseli 18 ukaipunguza kufikia ukubwa huo, au ukaitazama kwenye kioo cha simu, chenga nyingi hujifuta zenyewe. Picha iliyotikisika haifutiki. Hakuna programu ya kawaida itakayorudisha jicho la mtu aliyesogea. Kwa hiyo kati ya chenga na kutikisika, mfanyabiashara achague chenga.

Mpangilio mzuri wa kuanzia ukumbini ni kumwachia kamera kidogo na kujichukulia kingi: tundu f/2 au f/2.8, shata 1/125 kwa wanaotembea na 1/250 kwa wanaocheza, kisha ISO ipande hadi itakapotosha. Kwa wazee walioketi, 1/60 hutosha ikiwa viwiko vimebanwa mbavuni na mgongo umeegemea nguzo. Lenzi zenye kizuia mtikisiko husaidia mkono wa mpiga picha peke yake, hazimzuii mchezaji. Stendi ya miguu mitatu nayo ni hivyo hivyo, zaidi ya kwamba ukumbini watoto huiangusha.

Kuhusu kulenga, kamera hutafuta mahali penye mpaka wa rangi nyeusi na nyeupe. Gizani, ikilengwa katikati ya suti nyeusi, itahangaika mbele na nyuma hadi tukio lipite. Ikilengwa kwenye ukosi mweupe wa shati au ukingo wa shela, hukamata mara moja. Nukta moja ya katikati ndiyo ya kuaminiwa zaidi katika kamera za bei nafuu.

Flashi inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayoharibu na ndiyo inayookoa. Ile ndogo inayochomoka juu ya kamera ina nguvu ya kufika mita mbili hivi kwa tundu la f/5.6 na ISO 100. ISO ikipandishwa hadi 400, inafika mita nne. Anayeketi nyuma ya ukumbi na kumulika jukwaani kwa flashi hiyo anamaliza betri tu. Mwanga hupungua haraka kuliko watu wanavyofikiri: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki robo. Ndiyo maana aliye mbele anaungua na ukuta wa nyuma unakuwa mweusi. Kwa anayeanza, flashi hiyo ibaki kwa picha za karibu, huku ISO ikiwa 800 au zaidi na shata ikishushwa hadi 1/60 ili taa za ukumbi nazo ziingie.

Flashi ya kufunga juu ya kamera, yenye kichwa kinachozunguka, ndiyo ununuzi wa pili baada ya lenzi. Kichwa chake kikielekezwa kwenye dari jeupe, dari lote hugeuka taa na nyuso hulainika. Tatizo la kumbi nyingi ni dari lenyewe. Mengine ni bati lililo juu sana na mwanga haurudi. Mengine yamefunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha zambarau kitarudisha mwanga wa zambarau usoni mwa bibi harusi. Penye hali hiyo, ukuta mweupe wa pembeni ni bora kuliko dari. Kanisani mambo ni tofauti, kwani baadhi ya mapadri na wachungaji hawaruhusu flashi wakati wa ibada, na hilo huulizwa siku moja kabla, si mbele ya altare.

Jambo ambalo vitabu vingi vya maelekezo ya kamera hulipita haraka ni rangi ya ngozi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukumbi wenye nyuma nyeusi humdanganya, naye huongeza mwanga hadi nyuso za mbele zikapauka. Gauni jeupe likijaza picha, hupunguza mwanga na uso mweusi wa bibi harusi hupotea. Wakati wa filamu shida hiyo ilikuwamo ndani ya filamu yenyewe. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, katika makala yake ya mwaka 2009, alieleza jinsi kadi za kupimia rangi zilivyotumia sura za wanawake weupe kama kigezo, na kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni ya Kodak kuboresha namna filamu ilivyoonyesha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Wateja wenye fedha walisikilizwa kabla ya wenye nyuso.

Kwa kamera ya dijitali dawa iko kidoleni. Kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa huongeza au kupunguza mwanga. Gauni jeupe likitawala picha, ongeza hatua moja. Nyuma kukiwa giza, punguza. Kisha mpimaji asikiamini kioo cha kamera, kwa sababu gizani kioo hicho huonekana king'avu hata kwa picha iliyo nyeusi. Avute picha hadi aone macho, na kama kope zinahesabika, aendelee.

Manjano ya picha yana chanzo chake. Balbu ya kizamani ina mwanga mwekundu zaidi kuliko jua, na kamera iliyoachwa ijiamulie mara nyingi hukosea, hasa palipo na balbu upande mmoja na tyubu upande mwingine. Karatasi nyeupe ikipigwa chini ya taa husika na kamera ikaambiwa kwamba huo ndio weupe, rangi nyingine zote hujipanga. Anayepiga kwa mtindo wa RAW anaweza kusahihisha baadaye kwenye kompyuta, ingawa mafaili yake hujaza kadi upesi.

Hapo wafanyabiashara wengine nao wana la kujifunza, hata wasiotaka kupiga harusi. Maharage yaliyopigwa ghalani chini ya balbu na kutumwa kwa mnunuzi wa mbali huonekana ya rangi nyingine. Mzigo ukifika, ugomvi huanza. Sampuli ikisogezwa mlangoni, kwenye kivuli, ikawekwa juu ya karatasi nyeupe na balbu ikazimwa, mwanga wa mchana unatosha bila flashi na rangi inakuwa ya kweli. Kwa kuwa nafaka hazisogei, kamera inaweza kukaa juu ya gunia na kuachiwa shata ya sekunde nzima, kwa ISO ya chini kabisa.

Taa za tyubu na baadhi ya taa za LED zina ugonjwa mwingine. Umeme wa gridi nchini hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa hizo hupepesa mara 100. Shata ya kasi sana hukamata sehemu ya mpepeso, na picha hutoka na mistari myeusi au mwanga unaobadilika kati ya picha moja na nyingine. Kushuka hadi 1/100 au 1/50 huondoa tatizo, pale ambapo anayepigwa amesimama. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, vipimo vyote vipangwe upya.

Pamoja na hayo yote, msaada wa bei rahisi kuliko wote ukumbini ni mazungumzo. MC na mtu wa muziki ndio wenye swichi. Wakiombwa mapema, watawasha taa nyeupe wakati wa kuingia maharusi, keki na kutoa zawadi, dakika tano kila mara, kisha watarudisha taa za rangi. Mtu wa video naye huwa na taa yake yenye nguvu. Mpiga picha anayesimama upande wake badala ya kugombana naye anapata mwanga wa bure. Kufika ukumbini jioni ya siku iliyotangulia na kupiga picha 20 za majaribio, huku mpambaji akitumika kama mfano, hugharimu nauli tu.

Kabla ya hapo mazoezi ni ya nyumbani. Balbu moja, mdogo mtu anayetembea kutoka jikoni hadi sebuleni, na picha 300 kwa usiku mmoja zinazofutwa asubuhi. Kila tukio ukumbini lipigwe mara tatu au nne mfululizo, maana mtu hufumba macho na mkono huteleza, na katika hizo moja itapona. Betri ya akiba ni lazima. Kadi ya kumbukumbu isifutwe hadi picha ziwe zimenakiliwa mahali pawili tofauti na mteja amekabidhiwa zake na kumalizia malipo.